Maili za Mama: Mkuu wa Familia Ni Nani?

Nilibonyeza.

Ndiyo, jamani, nilibonyeza! Nyinyi mlionitumia ujumbe wiki nzima, "Redio, usibonyeze, kagua kwanza," nimeupata, ahsanteni, ila mmechelewa. Kile kidole mlichokiacha hewani wiki iliyopita kilishuka. Simu ikazunguka, ikazunguka, halafu ikaandika kwa herufi za kijani: Uhamisho umekamilika. Pointi zilizohamishwa hazirudishwi.

"Zimeenda?" Mama akauliza kutoka kwenye cherehani.

"Zote!"

Akaacha kukanyaga, akaja kunikumbatia na futi kamba yake shingoni, karibu tunyongane kwa furaha.

Kwa uliyedandia leo, nakupa haraka haraka. Dada yangu anasoma ng'ambo, huu mwaka wa tatu. Ana kivimbe shingoni na Jumatano kinatakiwa kutolewa. Hospitali ya huko haina mchezo: lazima awepo mtu mzima wa kumpokea akitoka chumba cha upasuaji na kukaa naye nyumbani. Hakuna mtu, hakuna kisu, na foleni inaanza upya mwakani. Dada huko hana mtu. Mtu wake ni Mama.

Nauli sasa! Kwa nauli ile tungenunua cherehani mbili na mashine ya ovaloki juu. Lakini Mama anashona sare za shule, na kila jora la kitambaa, kila pakiti ya vifungo, analipia kwa kadi ya mkopo ya benki. Kadi inampa pointi, na tangu aipate hajawahi kuzigusa. Pointi hizo unaweza kuzihamishia shirika la ndege, huko zikageuka maili, na maili zikageuka kiti. Kazi ikapewa msomi wa nyumba. Yaani mimi.

Na kiti kilikuwepo! Ndege ya Jumatatu, kiti kimoja tu cha kulipia kwa maili. Nilikiona.

Nikafungua akaunti ya Mama ya shirika la ndege ili nikikamate.

Maili: sifuri.

"Labda bado ziko njiani," Mama akasema.

Nikafunga, nikafungua. Sifuri. Nikazima simu, nikawasha. Sifuri ile ile, mviringo, inanitazama kama jicho la samaki.

Hapo Baba akaingia, funguo za gari la mafunzo zikining'inia kidoleni. Baba ni mwalimu wa udereva, na kwake dunia nzima ni barabara.

"Ulitazama kioo kabla ya kuhama njia?" akaniuliza.

"Baba, si wakati wake."

"Ndiyo wakati wake. Mtu anahama njia bila kutazama kioo, halafu anashangaa kugongwa."

Nikajaribu kuingia upya. Simu ikaniambia: Tumetuma namba ya siri kwenye simu yako inayoishia na 44.

Ya Mama haiishii na 44. Yangu wala. Ya Baba wala.

Baba akavuta kiti, akakaa taratibu. "Mke wangu. Akaunti hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Na simu inayoishia na 44 ni ya nani?"

"Sijui."

"Una akaunti yenye simu ya mtu usiyemjua?"

"Baba watoto, usinianze. Nina sketi arobaini hazijatiwa pindo."

"Naanza nini? Nauliza tu. Hata polisi wa barabarani huuliza."

Nikapiga huduma kwa wateja ya shirika la ndege. Muziki. Wimbo ule ule, kinanda kile kile, na kila baada ya muda sauti inakwambia simu yako ni ya muhimu sana kwao. Ingekuwa ya muhimu si mngepokea? Nikaweka spika. Mama akatia pindo sketi mbili. Baba akaanza kuufuata wimbo kwa mluzi, na hilo ndilo lililokaribia kunitoa machozi.

Mwishowe mhudumu akapokea, sauti tamu ya mtu aliyetoka kula na hana deni na mtu. Akamhoji Mama maswali yake, akaridhika.

"Maili zako zimefika salama, mama."

"Alhamdu... ziko wapi?"

"Kwenye kapu la familia."

"Kapu gani tena?" nikadakia.

"Mama amejiunga na uanachama wa familia. Maili za wanafamilia wote zinaingia kapu moja, na anayeruhusiwa kuzitumia ni mkuu wa familia peke yake."

Baba akanyooka. Akakohoa kidogo, akarekebisha kola, akaivuta simu upande wake.

"Dada, habari ya kazi. Mkuu wa familia unaongea naye. Endelea."

"Ahsante, baba. Naomba jina lako kamili."

Baba akataja majina yake yote matatu, na la babu akaongeza kwa usalama. Tukasikia vidole vikigonga.

"Samahani, baba. Wewe haumo."

"Simo wapi?"

"Kwenye familia."

Nawaapia, cherehani ilinyamaza bila kuguswa.

"Binti," Baba akasema kwa upole wa kutisha, "mimi nimeoa. Nimezaa. Nimejenga. Bati hili lililo juu ya kichwa changu nimelipigilia mwenyewe. Unaniambia simo kwenye familia?"

"Kwenye mfumo wetu, baba."

"Basi huo mfumo wenu unaniambia aliyemo ni nani?"

Mhudumu akataja jina.

Baba akaiweka simu mezani polepole, kama mtu anayeweka yai.

Shemeji Mstaafu!

Ndiyo, huyo huyo. Yule mchumba wa Dada ambaye humu ndani hatajwi. Zamani hizo alikuwa anakata tiketi za ndege, na ni yeye aliyemwingiza Mama kwenye mambo ya maili, pale pale mezani petu, siku alipokuja kutambulishwa. Simu ya Mama enzi hizo ilikuwa kitochi kisicho na intaneti, kwa hiyo akamfungulia kila kitu kwa simu yake yeye. Anayefungua uanachama wa familia ndiye anayeandikwa mkuu. Na sisi tulivyo! Kwetu anayejua simu ndiye anayefungua, wengine tunasema "ndiyo, ndiyo, endelea," tunarudi kunywa chai.

Kisha Dada akapata nafasi ya masomo, akaondoka, na uchumba ukafa. Huyu anasema yule alimwacha, yule anasema aliachwa. Sisi tukachukua upande wa damu. Tukamfuta kwenye picha, tukamtoa kwenye kundi la familia la kwenye simu, hata kikombe alichozoea kunywea, Baba alimpa fundi bomba. Tulimtoa kila mahali. Shirika la ndege hakuna aliyelikumbuka.

"Mtoe!" Baba akaiinamia simu. "Mtoe sasa hivi!"

"Mwanafamilia hawezi kumtoa mkuu, baba. Mkuu ndiye anayetoa wanafamilia."

"Basi Mama ajitoe mwenyewe," nikasema.

"Hilo anaweza. Ila akitoka, maili zinabaki."

"Zinabaki kwa nani?"

"Kwa familia."

"Familia ipi, dada, ikiwa sisi wote hatumo?"

"Nakuelewa kabisa."

"Usinielewe! Nisaidie!"

"Kuna lingine naweza kukusaidia leo?"

Nikakata. Nikapiga benki. Benki nao wana muziki wao. Huko nikaambiwa pointi zikishatoka kwao si zao tena, na kwamba nilionywa kwa herufi za kijani. Nani kwenye dunia hii anaonya kwa rangi ya kijani? Hata Baba aliniunga mkono hapo.

Sasa nani amwambie Dada? Mimi. Na mdomo wangu mnaujua, jina Redio sikupewa bure. Nilimpigia ili nimtulize, kabla sijafika nusu nikawa nimemwaga yote.

"Kwa NANI?" Dada akapiga kelele mpaka spika ikakwaruza.

"Mkuu wa familia."

"Msithubutu! Mnanisikia? Msithubutu kumwomba huyo mtu hata maji ya kunawa. Bora nibaki na kivimbe changu, nikivalie skafu mpaka uzeeni."

"Dada, daktari alisema..."

"Mkimwomba, Jumatano siendi!"

Mama akainua kichwa. "Utaenda. Hata kuzaliwa ulikataa kutoka, na ulitoka."

Dada akakata. Mama akauzungusha mkono wa cherehani, akachomoa sketi, akaikunja. Akachukua pasipoti kwenye droo ya vifungo.

"Redio, vaa viatu."

"Huendi," Baba akasema. "Huendi kumpigia magoti yule kijana. Mtu hata kurudi nyuma hajui!"

Hilo si tusi, ni ushahidi. Baba alimfundisha kuendesha bure, kama zawadi ya uchumba. Alifeli kurudisha gari nyuma mara tatu, na ile ya tatu ilikuwa na nguzo ya umeme.

Mama akasimama mbele yake. "Mtaka cha mvunguni?"

Baba akachezea funguo zake.

"Malizia."

"Huinama," Baba akanung'unika.

Tukaondoka.

Siku hizi Shemeji Mstaafu anapima macho na kutengeneza miwani. Duka lenyewe ni jembamba kama korido: kushoto fremu ukutani, kulia fremu ukutani, kila ukigeuka unajiona kwenye kioo ukiwa na sura ya shida. Nyuma kuna pazia la bluu, na mashine ya kusaga lenzi inalia kama mbu aliyekasirika.

Mashine ikanyamaza. Akatoka, anafuta mikono kwa kitambaa. Alipotuona, mikono ikasimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo." Akanigeukia. "Redio. Umekua."

"Na wewe umezeeka."

"Redio!" Mama akanifinya.

Akacheka kidogo, akatupa viti. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, kivimbe, Jumatano, pointi, kapu, sifuri. Wakati wote ananisikiliza alikuwa anafuta fremu moja ile ile, anaifuta tu, haina hata vumbi.

"Kwa hiyo mimi ndiye mkuu wa familia yenu," akasema.

"Kwa muda tu," nikamjibu.

"Muda gani, Redio? Kila mwisho wa mwaka shirika la ndege linanitumia salamu. 'Tunakutakia heri, wewe na familia yako.' Unajua nazisoma wapi? Hapa. Mimi na hizi fremu."

Nikamwonea huruma. Mimi! Andikeni tarehe.

"Kiti kipo bado?" Mama akauliza.

Akatoa simu. Inaishia na 44, jamani. Akaingia bila kuombwa namba ya siri, bila muziki, bila kinanda, kama mtu anayeingia kwake.

"Kipo. Kimoja."

Moyo wangu ukaruka kamba. "Bonyeza basi!"

"Subiri."

"Kusubiri nini? Kuna watu dunia nzima wanakitazama hicho kiti saa hii! Shemeji, bonyeza!"

"Umeniita nani?"

"Mdomo umeteleza."

Akamtazama Mama. "Anajua mmekuja hapa?"

"Hajui."

"Angejua?"

"Angekataa," Mama akasema. "Unamjua."

"Namjua." Akatabasamu peke yake, akiitazama fremu. "Nipe pasipoti, Mama, nijaze."

Mama akamnyooshea. Lakini pasipoti haikufika mkononi kwake. Ilipita pembeni ya kiganja chake, ikaanguka sakafuni.

Nikaiokota. "Mama naye, haraka zote hizi!"

Shemeji Mstaafu hakuchukua pasipoti. Alikuwa anamwangalia Mama, na uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa uso wa kazi.

"Mama, hebu kaa kwenye kile kiti kirefu. Nisomee zile herufi za ukutani."

"Tumekuja kusoma herufi?" nikaruka. "Kiti kinapotea, wewe unatuuzia miwani! Nyinyi watu wa biashara, hivi..."

"Redio," Mama akasema, "nenda kanitafutie maji."

"Mama, kiti!"

"Maji, mwanangu."

Nikatoka nikisonya mtaa mzima. Duka la kwanza halina maji. La pili lina maji, muuzaji hana chenji. La tatu muuzaji anaongea na simu, ananionyesha kidole nisubiri. Kila mtu siku hiyo alikuwa ananiambia nisubiri! Niliporudi, pazia la bluu lilikuwa limefungwa na taa ya mbele imezimwa. Nasikia sauti yake, chini chini, na ya Mama, chini zaidi. Nikasikia Mama akisema, "Una hakika?" Halafu, "Basi fanya hivyo. Fanya kabla sijabadili mawazo."

Pazia likafunguka.

"Amebonyeza?" nikauliza.

"Amebonyeza," Mama akasema.

Nilirukaruka mpaka fremu mbili zikadondoka. Nikamshika mikono yule bwana, nikamwita shemeji mara tatu mfululizo na safari hii mdomo haukuteleza. Yeye hakucheka. Alisema tu, "Kesho asubuhi, Mama. Usipitishe kesho." Nikadhani anaongelea kupakia sanduku.

Njia nzima naimba. Mama amenishika mkono kwa nguvu, kila tukivuka barabara ananishika zaidi. Mimi naona ni furaha.

Baba tukamkuta anaosha gari la mafunzo, kajifanya hana habari na sisi.

"Amewafukuza?"

"Amekata tiketi!" nikapiga kelele. "Jumatatu, Baba! Jumatatu Mama yuko angani!"

Baba akaacha sponji. Alitaka kununa, uso ukakataa. "Basi si mbaya sana huyo kijana," akasema. "Shida yake ni kurudi nyuma tu."

Simu ya Mama ikalia. Tiketi hiyo imeingia, shemeji ameshaituma! Mama akanipa simu bila hata kuitazama. "Soma wewe."

Nikasoma kwa sauti ya mtangazaji, majirani nao wasikie. Siku, Jumatatu. Saa ya kuondoka. Kiti cha dirishani. Imelipiwa kwa maili za familia. Jina la abiria...

Nikaisogeza simu karibu na macho.

"Endelea," Baba akasema.

Nikasoma tena kimoyomoyo. Pengine nimekosea. Sikukosea.

Abiria alikuwa Shemeji Mstaafu.

Baba akaninyang'anya simu kwa mkono wenye povu. Akasoma. Shingo ikavimba kuliko ya Dada.

"Amejikatia yeye! Mke wangu ameshona mpaka mgongo umepinda, yeye anakwenda kukaa dirishani! Mwizi! Redio, ufunguo wa gari!"

"Unao mwenyewe, Baba, uko mfukoni mwako!"

"Naenda kumvunjia miwani yake moja baada ya nyingine! Mkuu wa familia? Leo atamjua mkuu wa familia!"

Mimi tayari nilikuwa napiga huduma kwa wateja, na kile kinanda kimeanza tena, simu yako ni ya muhimu sana kwetu, na machozi yananitoka kwa hasira, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na nilikiona mimi wa kwanza.

"Zima hiyo simu," Mama akasema.

"Mama, ametuibia!"

"Hajaiba. Nimempa."

Baba akageuka, mlango wa gari umeshafunguka. "Umempa nini?"

"Kiti. Mtoto anataka mtu mzima wa kumpokea Jumatano. Yule ni mtu mzima, pasipoti yake ina visa ya huko, na atamvumilia akigomba. Mimi Jumatatu sipandi ndege, baba watoto."

"Kwa nini hupandi?"

Mama akajishika kwenye mlango wa gari, akakaa pembeni ya kiti cha mwanafunzi, miguu nje.

"Wiki ya pili hii naona kama pazia jeusi linashuka upande mmoja. Nikasema ni uchovu, sare ni nyingi. Leo amenipima. Anasema kesho niwe hospitali ya macho, na wakishanitengeneza nisikaribie ndege mpaka waniruhusu. Anasema nimechelewa."

"Umechelewa kiasi gani?" Baba akauliza. Sauti yake sikuitambua.

Mama akainua kiganja, akafunika jicho lake la kulia. Akabaki ananitazama kwa lile la kushoto, jicho zuri tu, lina mng'ao, halina hata wekundu.

"Redio, sogea nikuone."

Nikasogea mpaka magoti yangu yakagusa yake.

"Sogea basi, mwanangu," akasema, na mkono wake ukaanza kunitafuta hewani.